Spika Kuukuu Nyumbani: Namna ya Kuichagua na Kuihuisha katika Mazingira ya Turkana

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii inaafiki hali ya vyombo vya kusikilizia sauti majumbani mwetu siku hizi. Mnunuzi aingiapo dukani hupokewa na makasha ya plastiki yenye taa za rangi, yaliyoandikwa maelfu ya wati mgongoni, ilhali spika za mbao zilizoundwa katika miaka ya 1960 na 1970 zimetupwa stoo zikawa makao ya panya. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba baadhi ya spika hizo kuukuu zingali na manufaa makubwa, hususan kwa msikilizaji anayeishi mahali kama Namoruputh, kituo cha biashara kilichoko magharibi ya Lodwar katika eneo la Loima, kwenye njia ya kuelekea Lokiriama na mpaka wa Uganda. Hoja yetu kuu ni kwamba spika kuukuu haichaguliwi kwa jina la kampuni wala kwa wingi wa wati. Huchaguliwa kwa wepesi wake wa kutoa sauti na kwa uzima wa vile viungo ambavyo fundi hawezi kuvipata tena. Viungo vinginevyo hurekebishika.

Yamkini msomaji atauliza: suala hili lamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba lugha, kabla ya kuwa maandishi, ni sauti. Mtafiti wa fasihi simulizi hurejea kutoka nyanjani na saa nyingi za rekodi zinazohitaji kunukuliwa. Mwenzake anayechunguza lugha ya taarabu hulazimika kusikiliza santuri za tangu enzi ya Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Wote wawili hutegemea uwezo wa spika wa kutenganisha sauti zinazokaribiana. Tuchukue mfano wa jozi dhana na zana, au thamani na samani. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti [s] imo katika masafa ya juu, takriban kati ya hezi 4,000 na 8,000. Spika iliyopoteza masafa hayo humwachia msikilizaji kazi ya kubahatisha. Ndiyo maana hata katika simu za kawaida, ambazo kwa miaka mingi zilipitisha masafa yasiyozidi hezi 3,400 hivi, hatuna budi kurudia majina ya watu ili [f] isisikike kama [s]. Spika mbovu basi si kero ya masikio pekee. Yaweza kuzaa nukuu mbovu.

Tatizo la majina

Kabla ya kununua kitu, sharti tukubaliane kukiita nini. Neno kipaza sauti lina utata. Katika mkutano wa hadhara ni maikrofoni anayoshika msemaji. Juu ya mnara wa msikiti ni kile chombo kinachoipeleka adhana mbali. Neno wufa nalo limehama. Kwa fundi, wufa ni ile spika kubwa inayotoa besi ndani ya kasha. Kwa mwenye duka na wateja wake wengi nchini Kenya, wufa ni seti nzima ya kisasa: kasha la besi pamoja na vispika vyake vidogo. Anayeagiza wufa kwa simu bila kufafanua aweza kuletewa kitu asichokikusudia.

Katika makala haya, spika ni kile kiungo kimoja kinachotoa sauti, na kasha ni sanduku lililoibeba. Ndani ya kasha moja huweza kuwamo spika mbili au tatu: wufa kwa sauti za chini, twita kwa sauti za juu, na pengine ya tatu kwa sauti za kati. Kati yao kuna krosova, yaani saketi ndogo inayogawa masafa ili kila spika ipate haki yake. Kinachoisukuma spika kwa umeme tutakiita ampu.

Jinsi spika inavyofanya kazi

Muundo wa spika tunazozijua leo haujabadilika sana tangu mwaka 1925, ambapo wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walipochapisha maelezo ya spika ya koili inayosogea. Koili ni waya mwembamba uliozungushwa juu ya bomba dogo na kuning'inizwa ndani ya mwanya mfinyu wa sumaku. Umeme wa muziki unapopita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma. Koili imegandishwa kwenye koni, ambayo aghalabu ni ya karatasi, na koni ndiyo inayoitikisa hewa. Viungo viwili huishikilia koni isiyumbe: kitambaa cha mikunjo kilicho nyuma yake, na ukingo unaoiunganisha na fremu ya chuma mbele. Ukingo huo waweza kuwa wa karatasi yenyewe iliyokunjwa, wa kitambaa kilichopakwa dawa, wa mpira au wa sponji.

Orodha hii fupi ndiyo msingi wa hukumu yote ya mnunuzi, kwa kuwa kila kiungo huzeeka kwa namna yake. Sumaku na fremu huweza kudumu miaka mingi kuliko mmiliki. Koni ya karatasi ikikingwa na maji na panya, nayo hudumu. Ukingo wa kitambaa ni mvumilivu mno. Ukingo wa sponji, kinyume chake, huoza na kumomonyoka hata kama spika haikuwahi kupigwa. Mara nyingi miaka 15 hadi 25 yatosha kuumaliza. Kapasita za krosova nazo hukauka polepole. Kwa hiyo spika yenye ukingo uliooza haijafa, bali ile yenye koili iliyoungua na koni iliyoliwa na panya imekaribia kaburi.

Wepesi wa spika na umeme wa jua

Sifa inayopuuzwa mno na wanunuzi ni ile tutakayoiita wepesi. Wepesi hupimwa kwa kuipa spika wati moja ya umeme, kisha kupima ukubwa wa sauti kwa desibeli umbali wa mita moja. Spika nyepesi hutoa sauti kubwa kwa umeme mdogo. Spika nzito hudai umeme mwingi kwa sauti ile ile. Kila desibeli 3 zinazoongezeka huhitaji umeme maradufu, na desibeli 10 huhitaji umeme mara 10.

Hadi miaka ya 1950, ampu za valvu zilikuwa na nguvu ndogo, na kwa sababu hiyo watengenezaji walilazimika kuunda spika nyepesi zenye koni pana ndani ya makasha makubwa. Mwaka 1954 kampuni ya Acoustic Research ya Marekani, chini ya Edgar Villchur, ilileta kasha dogo lililozibwa kabisa ambalo lilitoa besi ya kina isiyotarajiwa. Gharama ya muujiza huo ilikuwa uzito: spika za aina hiyo zilihitaji ampu zenye nguvu. Ampu za transista zilipoenea, dunia ikakubali biashara hiyo, na makasha yakazidi kuwa madogo. Mfano maarufu ni LS3/5a, spika ndogo iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kusikiliza sauti za binadamu katika vyumba vidogo vya matangazo. Uwazi wake wa usemi ulisifiwa kote, lakini wepesi wake ni kama desibeli 83 tu.

Sasa turejee Namoruputh. Nyumba nyingi nje ya miji mikubwa ya Turkana hutegemea paneli ya jua na betri ya volti 12. Ampu ya kawaida ya gari inayotumia volti 12 haiwezi kutoa zaidi ya wati 9 hivi zilizo safi kwa spika ya omu 8, hata kama jalada lake limeandikwa wati 200. Hiyo ni hesabu ya fizikia wala si kasoro ya ampu. Kwa spika kuukuu yenye wepesi wa desibeli 96, wati moja pekee hutoa sauti ambayo spika ya desibeli 83 ingehitaji wati 20 kuifikia. Spika ya kwanza itajaza sebule na ua huku betri ikibaki na akiba ya taa na simu. Ya pili itaidai ampu kisichokuwamo, na ampu inapolazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, mkwaruzo husikika, na twita huweza kuungua. Watu wengi hudhani twita huunguzwa na ampu kubwa. Aghalabu muuaji ni ampu ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho wakati betri imechoka. Kwa mintarafu hii, spika ya kizamani iliyobuniwa kwa ajili ya umeme haba wa valvu inaoana barabara na umeme haba wa jua.

Sumaku na habari za Shaba

Wauzaji wa spika kuukuu hupenda kusifu sumaku za alniko, na bei hupanda kwa neno hilo moja. Jina lenyewe limetokana na aluminiamu, nikeli na kobalti. Kobalti hiyo inatukumbusha jirani zetu wa kusini-mashariki ya Kongo. Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi katika mkoa wa Shaba, ambao baadaye uliitwa tena Katanga, eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya migodi na ya masoko. Zaire ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa uzalishaji wa kobalti. Bei ya madini hayo ikaruka, na kampuni ambazo zilikuwa bado zinatumia alniko, JBL ikiwa mojawapo, zikahamia sumaku za feraiti zisizohitaji kobalti. Vita vya Shaba viliacha alama hata migongoni mwa spika.

Alama hiyo humsaidia mnunuzi kukadiria umri. Sumaku ya alniko aghalabu ni ndogo, ndefu kiasi, na hufichwa ndani ya kikombe cha chuma. Ya feraiti ni duara pana, bapa na jeusi. Hata hivyo, kampuni nyingi zilikuwa zimeanza kutumia feraiti tangu miaka ya 1960, na spika bora zimeundwa kwa aina zote mbili. Si busara kulipia zaidi kwa ajili ya jina la sumaku pekee.

Kukagua kabla ya kununua

Spika kuukuu hupatikana katika njia kadhaa. Huko Nairobi, James Rugami amejulikana kwa miaka mingi kwa kibanda chake cha santuri na vyombo vya zamani katika Kenyatta Market. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, familia zinazohamishiwa nchi za mbali huuza vyombo vya nyumbani kabla ya kuondoka. Katika hali kama hiyo muuzaji ana haraka na mnunuzi ana nguvu. Mwungwana hulipa thamani ya kitu, hainunui haraka ya mwenzake. Kujua thamani hiyo kunahitaji ukaguzi, na vifaa vyake ni viwili tu: mita ya umeme na betri ndogo ya volti 1.5.

Kwanza, weka vidole vya mikono yote miwili juu ya koni, pande mbili zinazoelekeana, kisha uisukume ndani taratibu na kwa usawa. Ikisogea kimya, koili iko huru. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku: ama imeungua na kuvimba, ama fremu imepinda, ama vumbi la chuma limeingia katika mwanya. Pili, pima koili kwa mita. Spika ya omu 8 husomeka takriban 5.5 hadi 7. Ya omu 4 husomeka 3 na ushei. Mita isiposoma chochote, waya umekatika.

Hapa pana tahadhari. Katika miaka ya 1950 na 1960 Philips iliunda baadhi ya spika za omu 800 kwa ajili ya redio zake za valvu. Ile ya namba 9710 ilitolewa kwa omu 7 na kwa omu 800. Anayeipima spika kama hiyo na kuona mamia ya omu asidhani imekufa. Ni nzima, ila haiwezi kufungwa moja kwa moja kwenye ampu za leo.

Tatu, gusisha betri kwenye waya za wufa kwa nukta moja na kuiondoa. Koni iruke na kutoa mlio mfupi. Jaribio hili lisifanywe kwa twita, ambayo waya wake ni mwembamba mno. Hiyo ipimwe kwa mita, kisha isikilizwe kwa sauti ndogo. Nne, bonyeza ukingo kwa ncha ya kidole. Sponji iliyooza hubonyea kama keki kavu. Punguza bei, usikimbie. Hatimaye, sikiliza usemi badala ya ngoma. Taarifa ya habari kutoka Radio Akicha ya Lodwar au idhaa yoyote inayosikika vyema itakufichulia zaidi kuliko wimbo wenye besi nzito, kwa kuwa sikio la mzawa wa lugha hutambua upesi neno lililopotoka.

Kuihuisha

Kanuni ya kwanza ya uhuishaji ni kurejesha kilichooza na kuacha kilicho kizima. Wapo wanaopaka koni rangi nyeusi ili ing'are. Rangi huiongezea koni uzito na kuipokonya wepesi ambao ndio uliotufanya tuinunue.

Ukingo wa sponji hubadilishwa hivi. Fungua spika, weka alama kwenye waya chanya na hasi, kisha uondoe mabaki ya sponji na gundi bila kuichana koni. Pima kipenyo cha koni na cha fremu, ndipo uagize pete mpya. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Bandika pete kwenye koni kwanza, uiache ikauke usiku kucha. Kabla ya kuibandika kwenye fremu, fungua kifuniko cha katikati na uingize vipande vyembamba vya karatasi ngumu kuizunguka koili, ili ikae katikati ya mwanya. Gundi ikishakauka, vitoe vipande, jaribu kwa vidole kama awali, kisha urudishe kifuniko. Anayeiruka hatua hii hupata spika yenye ukingo mpya na mkwaruzo mpya.

Pete isipopatikana, ngozi ni mbadala wenye historia: katika miaka ya 1920 na 1930 spika kadhaa ziliundwa kwa ukingo wa ngozi laini. Turkana ni nchi ya mbuzi, na ngozi haiadimiki. Lakini sharti iwe nyembamba mno, laini, na yenye unene ule ule pande zote. Ngozi nene huifunga koni kama pingu. Mpasuko mdogo kwenye koni ya karatasi huzibwa kwa karatasi laini na gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji kidogo. Gundi zinazokauka kama kioo zisitumike hapo.

Krosova ndiyo inayoamua hatima ya dhana na zana. Kapasita za elektroliti hukauka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake nusu. Inapokauka, sauti za twita hufifia polepole kiasi kwamba mwenye nyumba hazoei kujua zimekwenda. Badilisha kwa nyingine yenye maikrofaradi zile zile, isiyo na upande chanya wala hasi, na yenye volti 50 au zaidi. Za plastiki hazikauki, nazo zafaa zaidi zikipatikana. Badilisha za makasha yote mawili kwa pamoja, la sivyo upande mmoja utasema kwa uwazi na mwingine kwa kunong'ona.

Mwisho, hakikisha spika za makasha yote mawili zinasukuma hewa kwa pamoja. Kwa betri ile ile, koni zote mbili zitoke nje upande chanya unapoguswa. Zikipingana, besi hutoweka, na mtu hulaumu spika kwa kosa la waya mbili.

Joto, vumbi na mchwa

Kila eneo lina maadui wake. Spika iliyozeeka Lamu au Mombasa huwa imeshambuliwa na unyevu na chumvi: sponji huoza upesi na chuma hupata kutu. Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, kutu si tishio kubwa. Badala yake mbao hukauka, ganda la juu hubanduka, na jua kali hulichoma sponji. Kasha liwekwe mbali na dirisha na mbali na ukuta wa bati.

Vumbi jembamba linalopeperushwa na upepo huingia hadi kwenye mwanya wa sumaku. Kitambaa cha mbele kisiondolewe kwa ajili ya urembo, ni ngao. Mchwa nao ni mafundi wa kubomoa, kwa hiyo kasha la mbao lisikae sakafuni penye udongo, bali juu ya mawe au stendi ya chuma. Na kasha lililokaa stoo likiwa na tundu mbele, ligongwe na kumulikwa kabla ya kuingiza mkono. Nge hupenda giza hilo.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa thamani ya spika kuukuu imo katika wepesi wake na katika viungo visivyorudi dukani, yaani koili, koni na sumaku. Ukingo, kapasita na waya ni mavazi, hubadilishwa. Tumeona pia kwamba mahali penye umeme kidogo, chombo cha kale chaweza kuwa na faida ambayo kipya hakinayo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna wajibu wa ziada. Vyama vyetu vina kaseti za mahojiano na malenga, na baadhi ya waliorekodiwa wameshatutoka. Kabla ya kuamua kwamba rekodi fulani haisikiki, tuikague kwanza spika tunayoisikilizia. Huenda malenga alitamka kila neno sawasawa, na kilichokauka ni kapasita.